Chuo na Baraza: Namna Pwani Ilivyosoma kwa Pamoja

Katika Kiswahili cha zamani cha Pate, Lamu na Mombasa, neno chuo lilikuwa na maana mbili. Lilikuwa jina la kitabu, na lilikuwa jina la mahali ambapo watu hukutana wakasoma. Mtu aliyekwenda chuoni alikwenda kwa mwalimu na kwa wenzake. Mtu aliyenakili chuo alikaa na wino na karatasi. Utenzi wa Tambuka, ambao hati yake ya mwaka 1728 ni miongoni mwa hati kongwe za Kiswahili zenye tarehe, hujulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali, na hapo chuo si jengo, ni kitabu. Leo maana hiyo ya kitabu imefifia katika maneno ya kila siku, ikabaki ile ya mahali: chuo cha ualimu, chuo kikuu, chuoni kwa watoto wanaofunzwa Qurani.

Lugha iliyoita kitabu na mkusanyiko wa wasomaji kwa jina moja haikufanya hivyo kwa bahati. Hata neno kusoma lenyewe, kwa watu wa pwani, lilikuwa na sauti ndani yake. Anayesoma Maulidi hasomi kwa macho tu. Anasoma na wenzake wakaitikia. Anayesoma utenzi hufuata mahadhi, na waliokaa naye husikia. Kusoma kimya, mtu na kitabu chake pembeni, ni desturi iliyokuja kuenea baadaye.

Siku hizi, mijini na visiwani, watu wanaunda tena vikundi vidogo vya kusoma. Marafiki watano au sita hukubaliana juu ya kitabu kimoja kwa mwezi, kila mmoja akakisoma kwake, kisha wakakutana kwa kahawa wakazungumza. Hapana mtihani wala cheti. Wako wanaoliona jambo hili kuwa geni, lililoletwa na waliosoma ng'ambo. Ukilitazama kwa jicho la historia, utaona kwamba ni jambo la kale lililopotea na kurudi. Namna lilivyopotea, na namna lilivyopata kuharibika hata lilipokuwapo, inafaa kujulikana na kila anayetaka kujiunga na kikundi cha namna hiyo.

Sababu ya kwanza ya kusoma kwa pamoja ilikuwa ndani ya herufi zenyewe. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo hazikuundwa kwa ajili ya sauti za Kibantu. Kiarabu kina alama tatu za irabu: fataha, kasra na dhumma. Kiswahili kina irabu tano. Basi kasra ikabeba i na e, na dhumma ikabeba u na o. Herufi ya be ikawa b, ikawa p, na mara nyingi ikawa mb vilevile. Herufi ya fe ikawa f na v. Matokeo yake ni kwamba maneno bibi, pembe na pimbi yangeweza kuandikwa kwa namna moja, na fua isitofautiane na vua. Baadaye walitokea wanavyuoni waliobuni alama za ziada ili kuondoa utata huo, lakini hati nyingi za zamani hazina alama hizo.

Kwa hiyo aliyefungua hati asiyoijua, akiwa peke yake, alikuwa na kazi kubwa. Vina na mizani vilimsaidia, na maana ya ubeti ilimsaidia, lakini msaada mkubwa ulikuwa mtu mwingine aliyekwisha kuusikia utungo ule. Mmoja alikuwa na jicho, mwingine alikuwa na sikio. Aliyeona herufi alimuuliza aliyesikia sauti, na baina yao neno likapata kutoka. Hati haikuwa kitabu kamili kama tunavyokijua leo. Nusu yake ilikuwa kwenye karatasi, na nusu yake ilikuwa kwa watu. Watu wale wakifa bila ya kurithisha walichokijua, karatasi hubaki na nusu yake.

Mahali pa kukutana palikuwapo. Baraza la mawe lililojengwa mbele ya nyumba, Lamu, Mombasa na Unguja mjini, lilikuwa mali ya mwenye nyumba lakini nafasi yake ilikuwa ya wapitao. Baada ya alasiri, au baada ya isha, watu walikaa, kahawa ikapita kwa vikombe vidogo, na mazungumzo yakaanza. Mwenye barua aliisoma. Mwenye shairi jipya alilitoa likahukumiwa. Hakuna aliyelipa ada na hakuna aliyeandikishwa jina. Jambo la kukumbuka ni kwamba aliyekaa barazani hakuchagua atakachosikia. Alikuja na lake, akaondoka na la mwenziwe.

Baraza hilo lilikuwa la wanaume. Wanawake walisoma ndani ya nyumba, na huko ndiko tunakopata ushahidi mzuri kuliko wote wa maandishi ya mtu mmoja kugeuka kuwa kisomo cha wengi. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alikuwa mgonjwa. Alitunga utenzi wa beti zipatazo mia kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, akimwachia wasia juu ya dini, adabu na maisha ya ndoa. Ulikuwa wasia wa mama kwa mwana. Lakini kabla ya kumaliza, Mwana Kupona aliwageukia wanawake wengine akawaambia wausome na wao, na waifahamu maana yake. Alijua kwamba maneno yaliyosomwa na mmoja huisha na huyo mmoja.

Wanawake wakausoma. Wakaunakili, wakaughani, mwenye kujua herufi akiwasomea wasiojua. Mwana Hashima aliishi hadi 1933, miongo mingi baada ya kufariki kwa mama yake, na mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens wakautoa utenzi huo katika kitabu huko Uingereza. Msomaji wa leo anaweza kukubaliana na wasia ule au kuukataa, na mjadala juu yake haujaisha. Lakini mjadala huo upo kwa sababu utenzi uliufikia uchapaji ukiwa hai, umepita mikononi na midomoni mwa wanawake kwa miongo mingi. Laiti ungalifungiwa sandukuni kwa heshima, huenda tusingeujua.

Mfano wa pili ni wa Mombasa, nao unaonesha jinsi kamba ilivyokuwa nyembamba. Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840. Alikuwa ametunga juu ya vita vya Mombasa na Seyyid Said, juu ya mapenzi, biashara, njaa na marafiki waliomgeuka. Mashairi yake hayakuwa katika kitabu. Yalikuwa vichwani mwa watu wa Mvita na katika karatasi zilizotawanyika. Miongo minne baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alikuwa akiyakusanya. Alikutana na mmishonari wa Kiingereza, William Taylor, ambaye alifika pwani hiyo mnamo 1880 na akakipenda Kiswahili cha Mvita kwa dhati. Wawili hao walikuwa tofauti kwa dini, kwa rangi na kwa nchi. Walichoshirikiana ni kusoma.

Sikujua hakumpa Taylor beti tupu. Shairi la Muyaka mara nyingi ni jibu, na jibu halieleweki kama swali halijulikani. Nani alikuwa akisemwa? Jahazi gani? Ugomvi upi? Mambo hayo hayakuwamo katika beti. Yalikuwamo katika kumbukumbu ya mji. Taylor aliandika mashairi, akaandika na maelezo. Sikujua alifariki mwaka 1890, Taylor akafariki 1927, na karatasi zikahifadhiwa London. Mwaka 1940 Hichens akaichapisha Diwani ya Muyaka huko Johannesburg, miaka mia kamili baada ya kifo cha mshairi. Mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akatoa Nairobi kitabu kingine juu ya Muyaka, chenye mashairi na maelezo ya wakati wake. Kila hatua ya safari hiyo ilihitaji watu wawili au zaidi walioketi juu ya maandishi yaleyale, kila mmoja akiwa na ujuzi ambao mwenzake hakuwa nao.

Na hapa pana swali la kuumiza. Ikiwa malenga mkubwa kama Muyaka aliponea kwa uzi huo, ni wangapi waliokuwa na tungo zao na hawakumpata Sikujua? Mchwa na unyevu wa pwani vinalaumiwa sana kwa kupotea kwa hati zetu, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini mchwa hula kilichowekwa. Kilichokuwa kikisomwa kilinakiliwa upya kabla ya kuliwa. Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki 1945, alinakili tendi nyingi kwa mkono wake mzuri, baadhi kwa wenyeji na nyingi kwa wataalamu wa Ulaya, na nakala hizo leo zinasomwa katika maktaba za London na Hamburg. Zilipona kwa kuhitajiwa na wasomaji, hata wasomaji hao walipokuwa mbali.

Zikaja herufi za Kirumi. Serikali za kikoloni na shule za misheni zilizitaka, na kufikia miaka ya 1920 ndizo zilizokuwa herufi za shule, ofisi na vitabu vya kuchapwa. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kusimamia kazi hiyo. Faida yake haikatalikiwi. Herufi mpya zilitofautisha bibi na pembe. Mtu aliweza kusoma neno ambalo hajapata kulisikia. Mtoto wa Tabora na mtoto wa Tanga wakasoma kitabu kimoja. Kwa mara ya kwanza msomaji wa Kiswahili aliweza kukaa peke yake kabisa na asikwame.

Hasara yake ilikuja kimyakimya. Mzee aliyekuwa akisoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu maisha yake yote alihesabiwa, mbele ya shule mpya, kuwa hajui kusoma. Mjukuu wake alisoma vizuri, lakini hakuweza kuifungua barua ya babu yake. Ule uhusiano wa jicho na sikio ukakatika ndani ya nyumba moja. Na kwa kuwa msomaji hakumhitaji tena mwenzake ili alitambue neno, ikaonekana kwamba hamhitaji kwa jambo lolote.

Hata hivyo desturi ya zamani haikufa mara moja. Ilihamia kwenye chombo kipya. Januari 1923 serikali ya Tanganyika ilianza kutoa gazeti la Mambo Leo, kila mwezi, kutoka Dar es Salaam. Lilikuwa gazeti la serikali na lilisema ya serikali. Lakini lilikuwa na kurasa za barua na mashairi, na kurasa hizo wasomaji walizigeuza baraza. Nakala moja ilisomewa watu wengi. Mshairi wa mji mmoja alitoa fumbo, wa mji mwingine akalijibu katika toleo la baadaye, wa tatu akawasahihisha wote wawili mizani. Watu ambao hawakupata kuonana walijuana kwa tungo. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, ni mmoja wa waliosomwa humo kabla vitabu vyake havijatoka. Na Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, aliziweka katika maandishi kanuni ambazo washairi walikuwa wakihukumiana kwazo barazani na magazetini.

Katika kipindi hicho pana tukio dogo lenye mafunzo. Mwaka 1952 ilichapwa tafsiri ya Shaaban Robert ya rubai za Omar Khayyam. Khayyam alikuwa Mwajemi wa karne ya kumi na moja na ya kumi na mbili, mtaalamu wa nyota na hesabu, na rubai zake zimejaa mvinyo na shaka. Shaaban hakuzipata kwa Kiajemi. Alizipata kwa Kiingereza cha Edward FitzGerald, kilichotoka mwaka 1859. Msomaji wa pwani aliyelelewa kwa tendi za dini na mashairi ya nasaha asingalikwenda dukani kukitafuta kitabu cha namna hiyo. Aliyemletea ni mtu aliyemwamini, kwa lugha anayoipenda, katika beti zenye vina. Hivyo ndivyo mtu anavyopanua kusoma kwake. Ni mara chache kufanya hivyo kwa kuazimia. Hufanya kwa sababu mwenziwe ameweka kitabu mbele yake na yeye ameona haya kukikataa.

Hapo hadithi ingekuwa tamu, ingekuwa imefika mwisho. Lakini Zanzibar inajua kwamba kusoma pamoja peke yake hakutoshi. Baina ya uchaguzi wa Julai 1957 na uhuru wa Disemba 1963, katika miaka ambayo watu huiita Zama za Siasa, visiwa vilikuwa na magazeti mengi kuliko ilivyopata kuonekana. Mwongozi lilikuwa la upande wa Hizbu. Afrika Kwetu lilikuwa la upande wa Afro-Shirazi. Mengine yalikuwapo pia. Yalisomwa kwa sauti barazani na kwenye maduka ya kahawa, mmoja akisoma na kumi wakisikiliza, kama ilivyokuwa tangu zamani.

Lakini mabaraza yalikuwa yamegawanyika. Baraza hili lilisoma gazeti hili, baraza lile lilisoma lile. Watu waligomeana maduka na mabasi, na ugomvi ukafika hadi kwenye mazishi. Aliyekaa barazani sasa alijua kabla ya kukaa atakachosikia, na alikuja kwa sababu hiyo. Ndege wafananao huruka pamoja, na waliruka hivyo. Katika ghasia za Juni 1961 watu 68 waliuawa, na Januari 1964 yakaja Mapinduzi na damu yake. Haifai kusema kwamba magazeti ndiyo yaliyoua. Mambo yaliyokuwa nyuma yake, ya ardhi, ya nasaba na ya utawala, yalikuwa mazito zaidi. Lakini inafaa kusema kwamba watu waliosoma kwa pamoja kila siku waliweza kuishi mtaa mmoja wasijue jirani anasoma nini. Baraza lililomwondoa asiyefanana lilibaki na umbo lake, kahawa yake na sauti yake, likapoteza kazi yake.

Funzo la pili lilitoka Bara, na halina huzuni hiyo, ingawa lina mpaka wake. Sensa ya 1967 ilionesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma. Serikali ikaanza kampeni kubwa ya elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma kumi na mawili watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi, vijijini na mijini. Walisikiliza kipindi cha redio, kisha anayejua kusoma akawasomea wenzake kijitabu, wakajadiliana juu ya malaria, kichocho au kuhara, na mwisho wakaamua la kufanya. Vyoo vikachimbwa, mazalia ya mbu yakafukiwa. Hapana shaka kwamba ni mojawapo ya visa vikubwa vya kusoma kwa pamoja vilivyopata kutokea katika lugha ya Kiswahili, na kufikia 1986 hesabu za serikali zilisema kwamba asiyejua kusoma ni mmoja tu katika kumi.

Na bado vikundi vile havikubaki kuwa vikundi vya wasomaji. Kitabu kilitoka juu, kimoja kwa wote, kwa lengo moja. Lengo lilipofikiwa, kitabu kikafungwa na watu wakatawanyika. Ikaja shida ya uchumi ya mwisho wa miaka ya 1970 na miaka ya 1980, karatasi ikawa adimu, na waliojifunza kusoma wakakosa cha kusoma. Hapakuwa na mazoea ya mwanakikundi kusema: mimi ninacho kitabu nyumbani, wiki ijayo nitakileta. Baraza la zamani lilikuwa na mazoea hayo bila ya redio na bila ya serikali. Kikundi kinachongojea kitabu kutoka kwa mwingine huishi kadiri ya ngojeo lake.

Tukiyaweka mafunzo haya pamoja, tunapata kipimo cha vikundi vya leo. Wengi wanaovianzisha ni watu ambao shule iliwafundisha kusoma kwa ajili ya mtihani. Walisoma tamthilia mbili, riwaya mbili na diwani moja, wakajibu maswali, wakaviacha. Wengine ni wapenzi wa ushairi ambao hawajafungua riwaya kwa miaka, au wasomaji wa siasa wanaoona ushairi ni pambo la harusi. Kila mmoja ana rafu yake, na rafu ya mtu humfanana mwenyewe. Akiachwa nayo atasoma maisha yake yote bila ya kukutana na mgeni.

Kitabu kimoja cha karibuni kinaonesha jinsi kazi ya kikundi ilivyo kubwa. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana, akaandika kwa Kiingereza. Riwaya yake Paradise ilitoka mwaka 1994. Inasimulia juu ya kijana anayechukuliwa na mfanyabiashara wa pwani kwa deni la baba yake, na juu ya misafara ya bara katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Wajerumani. Mwaka 2021 Gurnah alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na watu wengi wa kwao walikiri kwamba hawajapata kumsoma. Mwaka 2022 ndipo riwaya hiyo ilipotoka kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, ikiwa imefasiriwa na Ida Hadjivayanis. Miaka ishirini na minane ilikuwa imepita.

Lakini mzunguko wake ni mrefu kuliko hapo. Wahakiki wameonesha kwamba Gurnah aliipa riwaya hiyo maisha kwa kuchota katika Safari za Wasuaheli, masimulizi ya wasafiri wa pwani ambayo Carl Velten aliyakusanya na kuyachapisha mwaka 1901, yakiwamo ya Selemani bin Mwenye Chande. Maneno ya Waswahili yalitoka midomoni yakaingia katika kitabu cha Mjerumani, yakapita katika Kiingereza cha Mzanzibari aliyeko Uingereza, yakarudi nyumbani kwa Kiswahili baada ya zaidi ya karne moja. Ni nani atakayekisoma kitabu hicho vizuri akiwa peke yake? Mmoja katika kikundi amesoma Kiingereza chake. Mwingine ameyasoma masimulizi ya 1901. Wa tatu hana kimoja wala kingine, lakini babu yake alikuwa mpagazi katika misafara, na anajua njia ilikopita. Kila mmoja ana kipande, kama Taylor na Sikujua walivyokuwa na vipande vyao.

Kwa hiyo anayetaka kujiunga na kikundi cha kusoma hana haja ya kutafuta watu wanaopenda anachopenda. Watu hao anao tayari. Historia ya pwani inamwelekeza kwingine: atafute baraza lenye mtu asiyefanana naye, na akubali kwamba zamu ya kuchagua kitabu itazunguka. Mpenzi wa tenzi akiletewa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, asome upelelezi wa Bwana Msa hadi mwisho kabla ya kusema neno. Msomaji wa riwaya akiletewa Diwani ya Muyaka, aulize swali la kila shairi kabla ya kulihukumu jibu. Kijana akaribishe mzee anayejua herufi za zamani, na mzee akubali kusomewa na kijana. Wanawake na wanaume, ambao baraza la mawe liliwatenga, wanaweza sasa kukaa kwenye mkeka mmoja juu ya kitabu kimoja, na wasia wa Mwana Kupona usomwe hapo mbele ya mabinti na wana pia.

Watu wa pwani husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo hutumiwa kwa anayebisha hodi mlangoni. Inafaa pia kwa kitabu ambacho mwenyeji hakukiita. Sanduku la hati likifunguliwa Lamu au Pemba leo, bado ndani yake mna karatasi ambazo nusu yake iko kwa watu wachache waliobaki. Kinachotakiwa ni watu kukaa nao wakati wangalipo, karatasi ikiwa katikati, na mmoja aanze kusoma kwa sauti.